MREJESHO: Jukwaa la michango ya hisani, watumiaji nimewapata wapi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa nitawapataje watumiaji wa kwanza wa jukwaa langu la kuchangia wagonjwa na wanafunzi, na nitajuaje wanachotaka. Asanteni sana mliojibu.

Nilifuata ushauri wa kuanza na waweka hazina wa magrupu ya michango ya WhatsApp badala ya kulipia matangazo. Mama mmoja wa Mbagala alinionyesha kazi yake ya kila jioni: anasoma meseji za M-Pesa, anaandika kwenye daftari, kisha anabandika upya orodha kwenye grupu, jina na kiasi. Mtu asipojiona, simu inaita hapo hapo. Basi nikatengeneza orodha inayojiongeza yenyewe kila hela ikiingia. Imekubalika, sasa waweka hazina wanaitana wenyewe.

Ule ushauri wa fomu ya maswali haukuzaa kitu. Watu wanajibu "nzuri sana" halafu hawaonekani tena. Na ndugu zetu walioko Oman na Uingereza bado: kadi zao zinakataliwa mara kwa mara, wanaishia kumtumia hela mtu aliyeko huku nyumbani achange kwa niaba yao. Mwenye uzoefu na hilo anidokeze.