Watu wa stepi (nyanda za nyasi za Ulaya Mashariki na Asia) walianza kuhamahama kwa sababu ya farasi, au gari la maksai?

Mleta mada: Kila mahali wanasema farasi. Mimi nasema gari. Kati ya 3300 na 2600 KK Wayamnaya, wafugaji wa kale wa huko, waliacha mabonde ya mito kama Volga na Don, wakaingia stepi kavu. Baadhi ya makaburi yao ya vilima yana magari ya magurudumu ya mbao yasiyo na spoki. Maji na hema vikibebwa na maksai, mifugo inafuata nyasi popote.

Chungu: Na watu wanakula nini huko? Ukoga ulioganda kwenye meno unaonyesha kabla ya hapo wanywa maziwa walikuwa wachache mno. Kwa Wayamnaya ni karibu wote. Ng'ombe, kondoo, mbuzi. Farasi kidogo, lakini huyo ni pambo, kiwele chenyewe kidogo.

Kiriba: Pambo? Mkuu, unaongelea usichokijua. Kiwele ni kidogo ndiyo maana farasi hukamwa mara kadhaa kwa siku, kila baada ya saa mbili hivi. Mtoto ananyonya kwanza maziwa yashuke, kisha anavutwa kando, ila abaki ubavuni mwa mama. Ukimwondoa kabisa, mama anabana maziwa. Maziwa yanatiwa kwenye kiriba chenye chachu ya jana, yanasukwasukwa sana. Ukizembea kusuka, yanachacha ovyo.

Chungu: Hiyo ni desturi ya Wakazaki wa leo, unawabandika watu wa miaka 5,000 iliyopita! Na kumisi, hayo maziwa ya farasi yaliyochachushwa, ni ya kiangazi. Baridi ikiingia?

Nyasi2: Baridi ndipo farasi anapohitajika. Anaparua theluji kwa kwato, kondoo wanakula nyuma yake. Hatari ni theluji kuyeyuka mchana na kuganda usiku: ukoko wa barafu unafunika nyasi, mifugo inakufa njaa juu ya malisho. Watu wa Botai huko Kazakstani walishakuwa na farasi 3500 KK.

Kiriba: Botai tena! Farasi wale ni ukoo wa farasi wa Przewalski, wale farasi-mwitu wa Mongolia. Hawa wa leo wametoka Volga na Don ya chini, wakasambaa kuanzia kama 2200 KK.

Nyasi2: Ukoo tofauti, kwato zilezile. Theluji haiulizi nasaba.

Mleta mada: Mnachanganya enzi. Wapanda farasi wenye silaha, kama waliozikwa Arzhan kule Tuva, Siberia, ni karne ya 9 KK. Mimi nimeuliza kuhusu maksai.

Chungu: Kiriba hajanijibu kuhusu baridi.