Nauli ya mtoto mnachukua, siti yake mnamuuzia mtu mwingine: mabasi ya Dar–Mtwara mmetuchosha

Wakuu habari zenu. Naandika uzi huu nikiwa na hasira, na sijangoja ipoe kwa sababu nimeshangoja siku nne na haipoi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mtwara mjini. Wa kwanza wa kiume ana miaka 8, wa pili wa kike ana miaka 5, kitindamimba ana mwaka na miezi minne. Likizo tulikuwa Dar kwa bibi yao. Baba yao aliwahi kurudi kazini, kwa hiyo safari ya kurudi nilikuwa peke yangu na watoto wote. Kwa kulijua hilo nilikata tiketi 3, nauli kamili ya mtu mzima kila moja. Siti namba 21, 22 na 23. Wakala akaniambia, "Mama, huyo wa kati si unampakata tu, hela zote hizo za nini?" Nikamjibu wa kupakata ninaye tayari, mgongoni. Nikalipa. Ile hela ilitoka kwenye korosho, tuliiweka kando tangu Novemba kwa ajili ya nauli tu.

Aliyewahi kusafiri na watoto wawili wanaofuatana anajua kwa nini nililipia siti ya tatu. Ni dirisha. Hawa wangu wanagawana andazi moja bila kelele, lakini dirisha hawagawani. Usiku wa kuamkia safari waligombana mpaka kaka mtu akapiga kofi, dada mtu akamng'ata mkono, alama za meno zikabaki. Nikawakalisha chini tukapatana: dada anakaa dirishani kuanzia Mbagala mpaka tuvuke Daraja la Mkapa pale Mto Rufiji, kaka anapokea hapo mpaka Nangurukuru, halafu tutaangalia. Kaka aliumia, maana daraja ndilo hasa alilokuwa analitaka. Ila wakati wa kwenda mwenzake alipita pale amelala, hakuuona mto. Basi akamwachia. Akawa anamfundisha kitandani: ukiona nguzo za daraja zinaanza, tazama chini kwenye mchanga, viboko wanakaaga hapo.

Mapatano yetu yaliishia Kibiti.

Pale Kibiti alipanda mwanaume mmoja na begi lake. Konda akaja moja kwa moja kwetu. "Mama mtoto, mpakate na huyo mdogo, mwenzio akae." Nikamwambia siti nimelipia. Akasema, "Mtoto hana siti." Nikatoa tiketi tatu nikamwonyesha namba moja moja. Hakuzitazama hata kidogo. Alimshika mwanangu mkono akamnyanyua, akamweka juu ya mapaja yangu, juu ya mwenzake niliyekuwa namnyonyesha. Yule baba akapita akaketi dirishani. Hakuwa na tiketi. Alitoa noti akampa konda mkononi, konda akatia mfukoni, safari ikaendelea.

Naomba tuelewane hapa. Siti namba 21 siku ile iliuzwa mara mbili. Mara ya kwanza niliinunua mimi ofisini kwao kwa tiketi. Mara ya pili aliiuza konda njiani, na hela hiyo tajiri wake haioni. Ndiyo maana wanawalenga watoto. Mtu mzima ukimnyanyua kwenye siti yake atakushika shati. Mtoto wa miaka 5 unambeba tu.

Kilichoniuma zaidi ni abiria wenzangu. Nilipopaza sauti, dada mmoja wa siti ya nyuma akasema, "Jamani mama, usiwe mchoyo, mtoto kitu gani cha kukalia siti nzima." Mchoyo! Nimelipa nauli tatu halafu mimi ndiye mchoyo, na aliyeuza siti mara mbili ndiye mwenye huruma kwa msafiri aliyekwama. Wengine walicheka. Bibi mmoja tu, aliyepandia Ikwiriri baadaye kidogo na kuniona nilivyobanwa, ndiye aliyempokea kitindamimba mpaka mgongo wangu ukapumua.

Tulipofika darajani yule baba alikuwa amevuta pazia amelala. Binti yangu alijinyoosha juu ya mapaja yangu akitafuta upenyo wa upande wa pili, akaona vichwa vya watu. Akaniuliza, "Mama, ndiyo tumeshavuka?" Kaka yake alikuwa analitazama lile pazia kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwa mtoto wa miaka 8. Dirisha lile alimwachia mdogo wake, hakumwachia mgeni.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe lililonileta hapa.

Baada ya daraja binti akaninong'oneza kuwa amebanwa mkojo. Nikamwita konda. Akasema, "Kuchimba dawa ni Nangurukuru." Mnaoijua njia hii mnajua kutoka Mto Rufiji mpaka Nangurukuru ni wapi na wapi. Nikamwomba, kaka yangu, dakika mbili tu, ni mtoto. Akasema wanabana muda. Bibi akamwambia, "Mwanangu, simamisha gari, huyo ni mtoto." Akajibiwa, "Bibi tulia, hili siyo gari lako."

Haikupita nusu saa, gari likasimama. Nikashukuru Mungu, nikamshika mtoto mkono. Konda akaziba mlango: "Hakuna kushuka, tunashusha mzigo tu." Walifungua buti wakashusha mabati. Bati moja moja. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto anaruka mguu huu na huu, anabana mapaja, na nje palikuwa na kichaka hatua kumi tu kutoka pale. Mabati yalisimamishiwa gari. Mwanangu hakusimamishiwa.

Tukarudi kukaa. Nilikuwa nimempakata kwa hiyo niliijua kabla yeye hajasema. Nilisikia joto linashuka kwenye mapaja yangu, likapita kanga, likafika kwenye siti. Hakulia. Alijikunja akaficha uso kifuani kwangu akasema, "Samahani mama." Mtoto wa miaka 5 ambaye alisema mapema, aliyejikaza kuliko watu wazima wengi, ndiye aliyeomba samahani kwenye basi lile. Hakuna mwingine aliyeomba mpaka tunashuka.

Kaka mtu alivua sweta lake la asubuhi, akalitandaza juu ya gauni la mdogo wake ili watu wasione. Sikumwambia. Ni huyu huyu ambaye jana yake alimpiga kofi.

Konda aliposikia harufu alirudi akasema, "Mama, siti umeichafua, utaifuta." Niliifuta kwa kanga yangu.

Nangurukuru tulipewa dakika kumi na tano. Wenzangu walikula. Mimi dakika zangu zote ziliishia chooni namwogesha mtoto kwa ndoo, mwingine mgongoni, huku kaka mtu anachungulia gari lisituache. Watoto walikula mhogo wa bibi yule wa Ikwiriri. Mungu amzidishie.

Naombeni mtu asiniletee habari ya kuvumilia. Mimi ni mtoto wa kusini. Nimevuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu nikiwa na umri wa binti yangu, kabla ya daraja kufunguliwa 2003, tukalala kwenye foleni ya magari. Baada ya daraja tukabaki na kile kipande cha Ndundu–Somanga, kilomita 60 za vumbi kiangazi na tope masika, tukavumilia miaka. Mwaka 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara Somanga, tukavumilia tena. Kila mara tuliambiwa tatizo ni barabara, na ilikuwa kweli. Lakini siku hii gari lilikuwa linateleza juu ya lami, hakuna tope, hakuna foleni, jua linawaka vizuri. Aliyemtesa mwanangu ni mtu, tena kwa kujua.

Ninachokitaka si kikubwa. Siti ya mtoto iliyokatiwa tiketi iwe siti, konda asiiguse. Na mtoto akisema amebanwa, gari lisimame penye usalama, awe peke yake au awe na wenzake kumi. Kama muda wa kushusha mabati upo kwenye ratiba, muda wa mtoto nao upo.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Anayesema "nunua gari lako", nauli nililipa, tena tatu, sikuomba lifti. Anayesema ningemvalisha pampasi: mtoto anayejua kusema na kujizuia humvalishi pampasi ili konda apate nafasi ya kuuza siti. Wanaotaka jina la kampuni, hapa silitaji. Tiketi zote 3 ninazo, namba ya gari ninayo, tarehe ninayo, vyote vinakwenda LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, Jumatatu na majibu nitayaleta hapa hapa. Mama wa Masasi aliyeandika kwamba naye aliwahi kunyanyuliwa mtoto kwenye siti pale Mnazi Mmoja ya Lindi, nakuomba utafute tiketi yako kama hujaitupa. Malalamiko mawili yana uzito kuliko moja.

Na kwa yule aliyeandika kwamba watoto husahau haraka: juzi Jumapili tulikwenda Mikindani kwa bajaji, safari ambayo hata usingizi haukutoshi. Kabla ya kupanda nilinunua madafu matatu. Kaka alikunywa lake akamaliza. Dada alilishika kwa mikono miwili, akaniuliza tutafika saa ngapi, akasema atakunywa tukifika.