Lamu hadi Wasini kwa mashua: tulale Bandari ya Kale au Mtwapa?

Mshona_Tanga: Assalaam aleikum. Mashua ya mita 11, yazama mita 1.2, watu 6. Twashuka na kaskazi ya Februari, mwendo wa pole. Mombasa ni siku mbili: kuuona mji, kujaza maji, kukagua mkuku (mti wa chini kabisa wa mashua). Wapi kuna nafuu?

Nahodha_Kibokoni: Waaleikum salaam. Kwa mji, Bandari ya Kale haina mshindani. Ukipanda ngazi tu uko Mji wa Kale: asubuhi mahamri na mbaazi yangali moto, Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa 1593 i karibu, na Marikiti waenda kwa miguu. Ukiingia mlango wa bandari, meli za Kilindini, bandari kubwa, zashika kushoto, wewe shika kulia. Mbele ya ngome usitie nanga: chini yake ilizama meli ya Kireno 1697. Na kwa mlingoti mrefu, ishia kabla ya daraja la Nyali.

Kinachowaponza wageni ni amari (kamba ya nanga) fupi. Bamvua la hapa, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda zaidi ya mita 3. Pima kwa bildi (timazi ya kupimia kina): ukitia nanga maji yamekupwa na bildi yasoma mita 4, ongeza 3.5 ya kujaa na mita 1 ya kimo cha omo (mbele ya chombo), ni 8.5. Zidisha kwa 5, amari ni mita 42 na ushei. Ukitoa 20, maji yakijaa nanga yang'oka na chombo chaondoka usiku mmelala. Mita 10 za mwanzo ziwe mnyororo, maana kamba ikisugua mwamba hukatika.

Bint_Kuze: Naongeza la maji. Watu 6, lita 4 kwa siku, siku 3: lita 72, yaani madumu manne ya lita 20. Ya mkokoteni yaonje kabla ya kulipa, mengine ni ya visima na yana chumvi.

Fundi_Mtwapa: Nahodha amesema kweli kuhusu mji, ila mkuku msikagulie pale. Njooni Mtwapa kwanza, kaskazini ya Mombasa, iko njiani. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi na kukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo kazi yafanyika mchana kweupe. Pandisheni mashua na maji ya alfajiri, wekeni magadi (miti ya kuegemeza) pande zote mbili, na chini ya kila gadi ubao mpana. Bila ubao yazama topeni na chombo chalala ubavu. Kuanzia saa mbili mpaka saa sita hivi mwasugua, mwapiga kalafati (pamba ya kuziba nyufa) palipolegea, kisha deheni (shahamu na chokaa ya kupaka chini).

Msipandishe siku ya kilele cha bamvua. Maji ya kesho yake huwa mafupi, na mashua yaweza kukaa mchangani mpaka bamvua lijalo, wiki mbili. Tangulieni siku mbili.

Mshona_Tanga: Shukran fundi. Na Kilindini?

Nahodha_Kibokoni: Kilindini ni ya meli kubwa, na feri za Likoni zakata mkondo mchana na usiku. Piteni tu. Mtwapa siku moja kwa mkuku, kisha Bandari ya Kale usiku mmoja, na alfajiri mtoke na maji yanayokupwa.