Pikapu ya 22R mipira ya vakyumu imechanganyika: nirudishe yote, ning'oe yote au nifunge Weber?

DerevaKabu:
Wakuu habari za saa hizi. Nina Hilux ya 1986, injini 22R, kabureta ni ile ile iliyokuja nayo. Asubuhi inawaka poa na inanguruma vizuri tu, shida inaanza ikishapata moto, haishiki sailensi (mngurumo wa bila kukanyaga mafuta), inapanda inashuka, nikisimama kwenye foleni inazima. Halafu nikiipaki juani nikirudi nakuta ndani harufu kali ya petroli. Nikifungua boneti ni mipira ya vakyumu, ile inayobeba mvuto wa hewa wa injini, kama tambi, mingine imekauka mpaka inakatika ukiigusa, mingine aliyekuwa nayo kabla yangu kaichomeka skrubu mdomoni, na kuna vidude vya plastiki vya rangi mbili mbili sijui vinafanya nini pale. Fundi wa kwanza kasema "toa uchafu wote huo gari ipumue", wa pili kasema nikitoa naua injini. Sasa naona nina njia tatu tu, kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, kung'oa yote na kuziba, au kuachana na kabureta hii nifunge Weber. Aliyewahi kupita huku aniambie ipi inalipa.

NgoaZiba:
Ng'oa mkuu usipoteze muda. Mimi yangu nimetoa EGR (valvu ya kurudisha moshi kwenye injini), nimetoa ile valvu ya kupeleka hewa kwenye eksozi, nimetoa na swichi zote za joto, matundu nimeyaziba kwa kipande cha bati nene na gaskiti. Nimebakiza mpira wa busta ya breki, PCV (valvu ya kutoa mvuke wa ndani ya injini) na mpira wa distribyuta, basi. Ukifungua boneti unaiona injini. Likitokea tatizo unajua ni mafuta au ni moto wa plagi, hakuna kubahatisha.

MzeeWaChoki:
Na ukipanda mlima na mzigo injini haitoi mlio wa kugonga?

NgoaZiba:
Iligonga kidogo mzee, nikarudisha taimingi (muda wa plagi kupiga cheche) nyuma ikatulia.

MzeeWaChoki:
Haya, kwa hiyo nguvu uliyopata kwa kung'oa umeilipa kwenye taimingi. EGR kazi yake ni kurudisha kiasi cha moshi kwenye silinda ili joto la kule ndani lisipande sana, ndo maana gesi chafu za NOx zinapungua, na waliotengeneza injini walipanga advansi ya distribyuta (cheche iwahi kiasi gani) wakijua huo moshi upo. Ukiuondoa advansi inabaki ile ile lakini joto limepanda, ni rahisi igonge. Sisemi injini itakufa kesho. Nasema tu kwamba "kupumua" kwenyewe ndo huko. Na EGR ikiwa nzima haifunguki sailensi wala ukikanyaga mafuta yote, kwa hiyo hakuna nguvu yoyote inayokuibia.

BabaJunior22:
Mimi ni wa Weber. Nilifunga 32/36, ile DGEV yenye choki ya umeme, ipo na DGV ya kuvuta choki kwa mkono kama unapenda vitu visivyo na waya. Uzuri wake jeti (vitundu vya kupimia petroli) zinabadilishwa kirahisi, na unaielewa hata kama hujasomea. Ubaya sasa, inakaa juu ya adapta, na adapta ina gaskiti zake, usipokaza vizuri au ikipinda kidogo umejitengenezea mahali pengine pa kuvuta hewa. Pia jeti zinazokuja nayo siyo lazima zikufae, ukiishi juu sana milimani itakuwa inakula mafuta mengi na plagi zinakuwa nyeusi mpaka upunguze jeti. Na kama kwenu gari zinapimwa moshi, hapo ujue umeingia kwenye mjadala na mkaguzi, maana nusu ya ile mipira haitakuwa na pa kuchomekwa.

DerevaKabu:
Lakini sailensi ilitulia kaka?

BabaJunior22:
Ilitulia ndio. Ila kuwa mkweli na gari yako, kama hewa inaingia kwenye manifodi (mabomba ya kupeleka hewa na mafuta kwenye silinda) au EGR imekwama wazi, utafunga Weber mpya na itaendelea kuzima vile vile, maana shida iko chini ya kabureta.

DadaSpana:
DerevaKabu kabla hujachagua njia yoyote hapo, wote wanakupa dawa na hakuna aliyekupima. Wewe mwenyewe umeshasema kitu kikubwa sana kwenye mstari wa kwanza: baridi iko poa, ikipata moto inakorofisha. Ingekuwa mpira umepasuka tu mahali ingekusumbua hata asubuhi, choki ingeficha kidogo lakini ungeona. Kwenye hii injini kuna swichi ya vakyumu ya joto, ile BVSV iliyofungwa kwenye njia ya maji, kazi yake injini ikiwa baridi inazuia vakyumu isifike EGR. Ikipata moto inafungua. Kwa hiyo kitu kinachoanza kusumbua baada ya moto mtuhumiwa wa kwanza ni EGR na kila kinachoilisha.

Tafuta vitu viwili, geji ya vakyumu na pampu ya mkono ya vakyumu. Chomeka geji kwenye manifodi moja kwa moja, injini ikiwa ya moto kwenye sailensi. Injini nzima kwenye usawa wa bahari inasoma kama inchi 17 mpaka 21 za zebaki na mshale umetulia, ukipanda juu unapoteza karibu inchi moja kwa kila mita 300, kwa hiyo usishtuke kama uko mlimani. Mshale umetulia lakini uko chini, ni hewa inaingia au taimingi imechelewa. Mshale unadondoka kwa mapigo yanayorudiarudia, hapo ni valvu ya injini, mipira haihusiki na hata ung'oe kila kitu hutapona. Sasa chomoa mpira wa EGR uzibe kwa kidole, angalia mshale na sikiliza sailensi. Ikitulia umeshampata mwizi.

Halafu pima EGR yenyewe, pampu ya mkono moja kwa moja kwenye chupa yake, injini ikiwa sailensi. Ukivuta vakyumu injini lazima itetemeke au izime. Isipobadilika njia za moshi zimeziba masizi, zifungue uzikwangue. Pampu isiposhika, mshale ukirudi wenyewe, dayaframu (ngozi ya ndani inayovutwa na vakyumu) imechanika. Ile modyuleta inayoamua EGR ipate vakyumu kiasi gani, kopo la duara lenye matundu P, Q na R, fungua kifuniko chake ndani kuna kichujio, kipulize kwa hewa. Kisha ziba P na R kwa vidole, puliza Q kwa mdomo gari ikiwa imezimwa, hewa lazima ipite kirahisi. Washa, shika mizunguko karibu 2,500, puliza tena, sasa lazima ikatae. Mtu akiiruka hiyo modyuleta akaunganisha mpira moja kwa moja, EGR inafunguka hata kwenye sailensi, na wewe umesema mwenye gari wa kwanza alikuwa anachomekachomeka skrubu.

NgoaZiba:
Dada hayo yote unayoyapima mimi sina. Hakipo hakiharibiki.

DadaSpana:
Sawa kaka, na kopo la mkaa ulilitoa?

NgoaZiba:
Lilitoka na mengine.

DadaSpana:
Ndo pale petroli inaponukia. Kopo la mkaa linashika mvuke wa petroli kutoka kwenye tanki na kwenye bakuli la kabureta, ukiendesha injini inauvuta na kuuchoma. Hilo halikuibii nguvu hata tone. Ukilitoa ukaacha mpira wa tanki wazi unanukia, ukiuziba tanki halipumui, ukifungua mfuniko unasikia pshhh, na kabureta inaweza kukosa mafuta. DerevaKabu harufu yako anzia hapo, fuata mpira mmoja mmoja kutoka kwenye kopo.

MzeeWaChoki:
Naongezea kwenye distribyuta. 22R nyingi zina dayaframu mbili, mipira miwili, na watu wanaichanganya. Vuta mpira kwa mdomo, ndani bamba lisogee na vakyumu ibaki, ukivuta tu hewa inakuja imechanika. PCV ni rahisi zaidi, ichomoe uitikise, isipolia kachakacha imeganda, na ikiziba presha inajaa kwenye krenkesi (tumbo la injini lenye oili) mpaka oili inatokea kwenye sili. Hiyo hata mng'oaji hang'oi, sivyo NgoaZiba?

NgoaZiba:
Hiyo hapana mzee, hiyo nimeiacha na niliweka mpya.

Kibandiko:
Kabla ya pampu na geji piga picha kibandiko cha chini ya boneti, mchoro wa mipira upo pale. Angalizo, mchoro ufanane na gari lako. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina mipira mingi kuliko zilizokwenda masoko mengine, usije ukatafuta kidude ambacho gari lako halikuwahi kuwa nacho. Na vile vidude vya rangi mbili vina upande, puliza huku hewa inapita, puliza kule inapita polepole. Ukivigeuza mchoro utaonekana uko sawa na gari bado inasumbua, hapo unaweza kulia.

BabaJunior22:
Swali la pembeni, mpira gani mnatumia? Naona watu wanaweka silikoni ya rangi rangi kila mahali.

Kibandiko:
Silikoni iko sawa kwa mipira midogo ya vakyumu tupu, haikauki kwa joto. Usiiweke kwenye kopo la mkaa wala PCV, mvuke wa petroli na oili unaivimbisha. Huko weka mpira wa mafuta. Na chukua wenye ukuta mnene, ule mwembamba ukipata vakyumu kwenye kona unajikunja unajifunga wenyewe.

DerevaKabu:
Wakuu nimerudi. Geji ikiwa ya moto ilisoma 14 mshale unachezacheza, nikachomoa mpira wa EGR nikaziba kwa kidole ikapanda 18 na sailensi ikatulia hapo hapo, nilicheka peke yangu. Dada umeongea kweli, modyuleta imerukwa, mpira umetoka manifodi ukapita kwenye swichi ya joto ukaenda EGR moja kwa moja, na modyuleta yenyewe imening'inia tu haina kazi. Dayaframu ya EGR inashika pampu vizuri. Harufu nayo nimeiona, mpira wa tanki umechomoka kwenye kopo la mkaa na mdomo wake umepasuka. Kwa hiyo kabureta nimeiacha. Narudisha EGR na modyuleta kama kibandiko kinavyosema, kopo la mkaa mpira mpya, PCV mpya. Ile ya kupeleka hewa kwenye eksozi ndo bado sijajua, imeoza.

NgoaZiba:
Hiyo angalau iache imezibwa mkuu, inapeleka hewa kwenye eksozi tu, uendeshaji haubadiliki.

MzeeWaChoki:
Kwa uendeshaji anasema kweli. Ila ile hewa ndo inachoma mafuta yaliyobaki kwenye moshi, kama unapimwa moshi au una katalisti (kisafisha moshi cha kwenye eksozi) itafute nzima, kama hupimwi ziba vizuri pande zote mbili, usiache upande wa eksozi wazi, moshi wa moto utarudi mpaka kwenye kichujio cha hewa.

DerevaKabu:
Napimwa mzee, basi naitafuta. Kingine, ule mpira kwenye swichi ya joto umeganda, nikiuvuta kichuchu cha plastiki kinapinda.

DadaSpana:
Acha kuvuta!! Kikikatika hicho unanunua swichi nzima. Chana mpira kwa wembe kwa urefu, taratibu usikikwaruze kichuchu, halafu uubandue kama ganda. Mpya uuloweke kwenye maji ya moto kwanza, unaingia wenyewe.