Mimea ya barazani Tabora: nimwagilie vipi hadi mvua zianze?

Mpangaji wa Isevya: Habari zenu, wadau. Naishi katika nyumba ya kupanga ambayo uwanja wake wote ni saruji, kwa hiyo bustani yangu iko barazani: mrehani, mnanaa, mchaichai, mshubiri na mwaridi mmoja, yote katika ndoo na madumu yaliyokatwa. Nikirudi kazini hupita kwanza kwenye mimea hiyo kabla sijafungua mlango, na raha ya kuona chipukizi jekundu likitokeza kwenye tawi la mwaridi haina mfano. Tangu kiangazi kikolee namwagilia yote asubuhi na jioni, lakini mshubiri umelainika shinani na mwaridi unapukutisha majani ya manjano. Je, joto hili la Oktoba linadai maji zaidi?

Babu Shamba: Hapana, ndugu yangu, punguza. Mizizi huhitaji hewa kama inavyohitaji maji. Udongo ukilowa muda wote, hewa hukosa nafasi, mizizi huoza na kushindwa kunyonya, hata mmea ukaonekana una kiu huku umesimama majini, na mwenyewe kwa huruma akauongezea mengine. Chomeka kidole udongoni: ukikuta unyevu, uache hadi kesho. Kagua pia kama ndoo zina matundu chini. Mshubiri hufungua vitundu vya majani yake usiku, jua likiwa limekwisha kuzama, ndiyo maana hupoteza maji kidogo sana na huvumilia ukame.

Mama wa Ujiji: Namuunga mkono Babu, ila si kwa mimea yote. Mnanaa ukikauka siku moja tu hulala, nao hupenda kivuli cha mchana. Usiupimie kipimo cha mshubiri. Mrehani nao usiuache uchanue: chuma ncha zake juu kidogo ya jozi ya majani, na hapo yatachipua matawi mawili. (Za kuchuma zitie kwenye chai, usitupe.)

Jirani wa Cheyo: Mshubiri bado unaokoka. Kata sehemu iliyooza yote, uanike kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, kisha uupande kwenye udongo uliochanganywa na mchanga mwingi, bila kuumwagilia papo hapo. Ukitoa vitoto pembeni, naomba kimoja, nitakuletea asumini.