Naomba ushauri: jukwaa la mirunda na mafundi wasiotaka mikanda ya usalama

Wakuu, shikamooni. Nasimamia ujenzi wa ghorofa 3 hapa Tabata, tunapiga plasta nje. Jukwaa wanalopanda mafundi ni la mirunda, yaani nguzo za miti. Juzi saidia fundi alikanyaga ubao ambao haukupigiliwa, ukageuka. Akadaka mrunda, akanusurika. Kijana ana mtoto mchanga. Nimesimamisha upande ule, maana sipati usingizi.

Nitaongeza vizuizi vya pembeni juu ya kiuno na kuziba mianya ya mbao. Mikanda ninayo, ila mafundi wanasema inawachelewesha, nao wanalipwa kwa kazi, si kwa siku. Halafu niifunge wapi? Kwenye mrunda uleule naona haisaidii, jukwaa likilala wanakwenda nalo.

Aliyewahi kukodi jukwaa la chuma, ulimshawishije mwenye nyumba kuhusu gharama?