Tupeane uzoefu: uliyewahi kufundisha vijana wakimbizi biashara ndogo, siku gani hutaisahau?

Mwl. wa Kasulu

Wakuu, habari za jioni. Leo nilikuwa napanga sanduku la vitabu, nikakuta daftari la mauzo la binti mmoja niliyemfundisha kambi ya Nyarugusu. Nimekaa nalo kitandani muda mrefu. Najua humu tupo wengi tuliopita kambi za Nyarugusu na Nduta hapa Tanzania, Kakuma ya Kenya, Nakivale ya Uganda na kule Goma, Kongo, kwa hiyo naanza mimi.

Ilikuwa kabla soko la kambi halijafungwa. Darasani nilikuwa na vijana 26, nusu Warundi waliokimbia 2015, nusu Wakongo ambao wengi wamezaliwa mle mle, maana kambi ipo tangu 1996. Kitabu cha mafunzo kilikuwa na sura ya kutenganisha pesa ya biashara na pesa ya nyumbani. Niliipenda sana sura ile. Kila asubuhi niliwaimbisha "mtaji hauliwi!", wanaitikia hadi darasa linatikisika.

Binti huyu alikuwa na miaka 19, anakaanga mandazi. Kila Ijumaa analeta daftari nikague. Kila siku kakaanga 80, kila siku kauza 68. Chini kabisa, kwa penseli, kaandika "wadogo 12". Wiki ya kwanza nikamwonya. Wiki ya pili nikazungushia duara kwa kalamu nyekundu, nikaandika HASARA. Wiki ya tatu nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikauliza: huyu anafanya nini? Darasa zima likaitika, "Anakula mtaji!" Hakulia, hakujibu. Aliliacha daftari mezani kwangu, akatoka.

Jumatatu hakuja. Nikamfuata kwao, nikamkuta jikoni na watoto sita, anayemfuata ana miaka 11. Mama hakuna, baba hakuna. Kadi ya mgao ina jina lake yeye. Nikahesabu pale pale mlangoni: watoto sita, kila mmoja mandazi mawili kabla ya shule. Nilimwomba radhi, nikampa daftari. Akalikataa. "Kaa nalo mwalimu, mimi nitahesabu kichwani."

Ndilo hili nimelishika sasa hivi. Wino mwekundu haujafifia hata kidogo.

Fundi Cherehani

Nakazia. Wimbo huo huo mimi niliuimbisha Nduta miaka miwili. Mungu atusamehe.

Kakuma Moja

Mwalimu, pole, lakini sikubali tuutupe wimbo. Mimi ni mkimbizi, nina duka Kakuma tangu 2009, na nimefundisha vijana zaidi ya mia. Asiyetenganisha pesa hafiki miezi mitatu. Kosa lako halikuwa sheria, ni kwamba hukumpa mahali pa kuandika. Yale mandazi 12 ni mshahara wake. Mwenye kibanda naye ni mfanyakazi, alipwe. Angeandika "mshahara" badala ya "wadogo", hesabu ingefunga na asingeaibishwa.

Mama wa Genge

Mshahara? Faida yenyewe shilingi elfu mbili kwa siku, unalipa mshahara kwa lipi? Ninyi wenye maduka mnasahau mlianzaje.

Kakuma Moja

Sijasahau, dada. Nilianza na katoni moja ya sabuni niliyokopeshwa na Msomali mmoja bila hata karatasi. Ndiyo maana nasema vijana wasiogope kukopa, ila wao wasikopeshe. Ukikopesha kambini unangoja siku ya mgao, na mgao ukipunguzwa deni limekufa.

Nakivale Base Camp

Usipokopesha kambini unamuuzia nani? Wote hawana. Huku kwetu anayekataa kukopesha hukimbiwa na majirani. Kopesha, ila usipite thamani ya kilo mbili za unga kwa nyumba moja. Na nawaambia Nakivale ni afadhali, Uganda mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi na kutembea. Nikisikia ya Kasulu, mtu anafundishwa biashara halafu soko linafungwa, roho inaniuma.

Fundi Cherehani

Soko kufungwa tuliishi nalo. Kinachoniuma mimi ni vifaa vya kuanzia. Vijana 15 walipewa cherehani 15, siku moja, kambi moja. Nguo za kushona zitatoka wapi? Mwezi wa pili cherehani tisa zimeuzwa kwa bei ya kutupa. Shirika likaandika kwamba vijana hawana nidhamu. Wape pesa taslimu, kila mtu anajua shida yake.

Mama wa Genge

Pesa taslimu inaishia kwa wajomba usiku ule ule. Mpe mtu kitu kizito kisichobebeka. Mimi nilipendekeza mashine ya kusaga, wakanicheka.

Mwana Kivu

Nasoma hapa machozi yananitoka, niacheni niseme yangu.

Nilikuwa nafundisha vijana wahami kambini Bulengo, pembeni ya Goma. Tulikuwa na AVEC, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ya watu 15, wauza makala (makaa), samaki wadogo wa sambaza, sabuni. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, kama kawaida. Tulipanga kugawana mwezi wa tatu. Januari 2025 mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafungwa, Februari watu wakaambiwa waondoke kambini. Wenye funguo wakatawanyika: mmoja Masisi, mmoja Rutshuru, mmoja Minova. Sanduku likabaki chini ya bashi (turubai) la msichana aliyekuwa mtunzaji, umri wake 20.

Wanaume wawili wakamjia usiku na nyundo. Walikuwa wanachama, si wezi, walitaka sehemu yao wasafiri. Akawakatalia. Alfajiri alilifunga sanduku mgongoni kwa kitenge, juu akaweka kofia ya sufu ya mtoto, akaanza kutembea. Kwenye bariyeri ya pili askari akamwambia amshushe mtoto anyonye, maana wametoka mbali. Akajibu, "Ana homa, ndiyo kwanza amelala." Akapita. Siku mbili kwa miguu mpaka Minova. Chuma kilimchubua mabega yote mawili. Nimeyaona yale makovu.

Nakivale Base Camp

Mungu wangu. Na funguo?

Kakuma Moja

Hapo ndipo pesa ya simu ingewasaidia.

Mwana Kivu

Ndugu, laini ya kikundi ingekuwa ya nani? Nusu walikuwa hawana hata kadi ya mpiga kura, ziliungua vijijini.

Kakuma Moja

Hapo umenishinda. Hata huku vijana wangu walisajili laini kwa kitambulisho cha rafiki wa nje ya kambi, akahama na akiba yote. Nimekosea kusema vile.

Mama wa Genge

Wale wawili wa nyundo mimi siwalaumu. Njaa ni njaa. Wangevunja wagawane mapema, kila mtu aondoke na chake.

Fundi Cherehani

Wangevunja, walio mbali wangepata nini?

Mwl. wa Kasulu

Msigombane jamani. Mwana Kivu, malizia. Lilifunguliwa?

Mwana Kivu

Lilifunguliwa Mei, nyuma ya kanisa pale Minova. Wa Masisi alikuja na ufunguo wake ameushona kwenye pindo la suruali. Wa Rutshuru hakuweza kusafiri, akautuma kwa dereva wa lori, umefichwa ndani ya sabuni ya kipande. Tulihesabu mara tatu, hata faranga moja haikupungua. Wale wawili wa nyundo walikuwepo, wakapewa zao kama wengine, na mmoja wao ndiye aliyembebea yule msichana sanduku siku hiyo.

Tuligawa mafungu 14. Kijana mmoja aliyekuwa anauza sambaza hajaonekana tangu Januari ile, hata dada yake hajui alipo. Fungu lake limerudishwa ndani, kufuli zote tatu zimefungwa, na msichana ndiye bado analala nalo.